Kona ya Kaunta ya Mama Zaituni

Najua utacheka. Cheka tu, ila jiwe lipo Kasulu mpaka leo, na ukitaka nakupeleka ukalipapase mwenyewe. Wanaonijua wanasema mimi naongeza chumvi hata kwenye chai. Kwa hili siongezi.

Nilikuwa fundi wa kaunta za jikoni za granaiti. Kutoka Kakonko hadi Kasulu hakukuwa na vidole kama vyangu. Nikiunga mabamba mawili nafumba macho, napitisha ncha za vidole kwenye maungio. Bamba moja likilizidi lingine hata kwa unene wa unywele, najua. Vidole hivyo ndivyo vilivyolisha nyumba yangu yote huku Kibondo.

Siku hiyo, saa tisa mchana, jua linawaka, nilikuwa peke yangu jikoni kwa Mama Zaituni, muuza vitenge. Kona ya kaunta yake ilikuwa imenishinda. Jiwe jeusi, gundi imekauka nyeupe, mstari unaonekana toka mlangoni. Asubuhi alikuwa ameusimamia, mikono kiunoni.

"Fundi, hapa umeniwekea mpaka wa Burundi?"

"Nitaurekebisha, mama."

"Magharibi ikinikuta bado nauona, Kasulu nzima watakujua."

Niliipasha gundi moto, nikaikwangua kwa wembe, nikayabana mabamba upya, nikajaza gundi nyeusi. Mara tatu. Kila ikikauka, mstari unarudi mweupe kuliko mwanzo.

Ndipo akaingia mwanamume mwembamba, shati limenyooshwa pasi. "Mwiriwe," akanisalimu kwa Kiha. Nikaitikia, nikijua ni jirani. Akayapapasa maungio.

"Kinachokosekana ni cha kujazia," akasema. "Una nini?"

Mimi na mdomo wangu! "Kaka, ukiufuta huu mstari, chukua hata ncha za vidole vyangu, zote kumi."

"Zote kumi?"

"Ongeza na za miguu, si nina viatu."

Hakucheka. "Za mikono zinatosha."

Akapitisha kiganja kwenye kona, mara moja tu. Mstari ukaisha. Sisemi ulifunikwa, niamini: chembe za jiwe zilivuka toka upande huu kwenda ule kama vile halijawahi kukatwa. Nikageuka kumshukuru, hayupo. Sakafu ilikuwa na vumbi la grenda, nene kama unga wa muhogo. Nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Nikalipapasa jiwe. Sikuhisi kitu. Nikashika wembe. Sikuhisi kitu. Ncha za vidole zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko, michirizi yote imefutika.

Mama Zaituni aliita majirani waje kuona. Kazi mbili zilizofuata niliharibu, ya tatu haikuja. Hospitali walisema mishipa ni mizima. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, dada wa kibandani alinibonyezesha kidole mara sita, akasema, "Kaka, mashine inasema hapa hakuna mtu."

Lakini kuna kitu nahisi. Mama Zaituni akikatia vitunguu pale konani, mimi huku Kibondo nasaga meno. Akitua sufuria ya moto, naruka. Nilikwenda kumwomba atandike hata kitambaa.

"Fundi, kaunta ni yangu. Mbona unaililia kama mke?"

Nimewaza kwenda kulivunja. Lakini nikilivunja, kitakachovunjika ni nini?

Kwa hiyo wewe, mstari ukionekana, uache uonekane. Na mtu usiyemjua akikuuliza una nini, usimtajie kitu ambacho bado unakitumia.

Jumamosi hii Mama Zaituni anaozesha binti. Watapika siku tatu.