Gunia Lenye Uzito wa Ndugu Yangu

Ndugu yangu alilileta gari karakana Jumamosi asubuhi, nami nikajua kabla hajazima injini kwamba sitalipenda. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, limetoka Japani kabla yeye hajaanza shule. Alitaka nilitengeneze ili alikimbize kwenye kiwanja cha mbio upande wa Nairobi.

Karakana yangu iko Sultan Hamud, nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Mombasa. Kazi yangu ni springi na shokomzoba, za malori na pikapu hasa. Niliingia kazi hii baba na mama walipokufa kwa ugonjwa, mmoja baada ya mwingine. Niliacha shule kidato cha pili nikabaki na wadogo zangu watatu. Huyu ndiye kitinda mimba. Alikuwa na miaka mitano, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ananiita Mwaitu, yaani mama. Leo anafundisha fizikia Migwani, na bado ananiita hivyo akitaka kitu.

"Mwaitu, ukilishika wewe sitaogopa."

"Wewe hujawahi kuogopa kitu. Hiyo ndiyo shida yako."

Nilimwambia wazi kwamba mimi naogopa. Nimelea watoto watatu na sijamzika hata mmoja. Akacheka, akavaa ovaroli.

Tulifanya kazi siku mbili. Tulitoa raba zilizochakaa kwenye mikono ya magurudumu, tukaweka springi fupi na ngumu. Kisha tukafunga uzi wa mjenzi pande zote mbili za gari, umenyooka kutoka mbele hadi nyuma, tukapima umbali kati ya uzi na ringi ya kila gurudumu. Nusu milimita ilikuwa na maana. Kwa lori ningetumia jicho.

"Hii si lori ya vitunguu, dada," aliniambia kila nilipoharakisha.

Yeye ndiye aliyesema lazima tupime gari likiwa na dereva ndani, kwa sababu likibeba mtu linakaa chini na magurudumu yanabadilika. Lakini alitaka asome rula mwenyewe, na hangeweza kufanya hivyo akiwa amekaa ndani. Basi tukajaza gunia mchanga wa mtoni, tukalipima kwenye mizani ya duka la nafaka hapo jirani mpaka likafikia uzito wake, tukalikalisha kwenye kiti na kulifunga mkanda. Mama mwenye duka alikuja kuchungulia.

"Huyu dereva wenu hana kichwa."

"Hata mwenye kichwa hakitumii," nikamjibu.

Vipimo vilipokaa sawa, ndugu yangu alienda kunawa. Nilitoa gunia kwenye kiti. Lilikuwa la kumwagwa. Badala yake nilililaza kwenye buti, nyuma kabisa, nikalifunika zulia.

Huku kwetu pikapu ikienda tupu njia ya Kanyangi inarusha mkia kila tuta. Dereva akija kulalamika namwekea mchanga nyuma, na safari inayofuata anakuja kunishukuru. Nimefanya hivyo mara nyingi hata sijui ni mara ngapi. Nilitaka gari lile litulie chini yake vivyo hivyo. Sikumwambia kwa sababu nilijua angelitoa.

Siku ya mbio nilisimama kwenye uzio. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili pia. Wa tatu, kwenye kona ya kulia, mkia ulianza kutoka. Akaurudisha. Ukaenda upande wa pili kwa nguvu zaidi, gari likazunguka mara mbili, likateleza kinyumenyume hadi kwenye nyasi, likasimama kabla ya ukuta wa matairi. Nilikimbia nikiwa sioni mbele kwa vumbi.

Alikuwa ameshatoka. Mikono ilikuwa juu ya paa la gari.

"Niko sawa. Ni mimi. Niliachia pedali ya mafuta katikati ya kona." Alivua helmeti. "Basi, Mwaitu. Nimekubali. Hii kazi siiwezi, naiuza hii gari."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyaombea kanisani. Ningenyamaza tu, tungefika nyumbani jioni na nisingeogopa tena. Na yeye angeishi akijua kwamba alijaribu kitu akashindwa.

Nilifungua buti, nikatoa zulia.

Alitazama gunia. "Hii ni nini?"

"Ni uzito wako. Niliuacha ndani."

"Kwa nini?"

"Ili utulie."

Hakucheka. Sikuhitaji anifundishe fizikia. Nilipoliona gunia limelala pale niliona kosa langu. Mzigo wa pikapu unakaa juu ya ekseli. Buti la gari lile linaning'inia nyuma ya magurudumu, na mkia mzito ukishaanza kuyumba hauna wa kuuzuia. Tena zile nusu milimita zote tulizipima bila gunia pale.

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!" Watu waligeuka. Akashusha sauti. "Ningekataa, dada."

"Ukitaka kuuza, uza," nikamwambia. "Lakini usiuze kwa kosa langu."

Alilivuta gunia akalitupa nyasini. Kisha akaniuliza, si kama ndugu, kama mteja: "Fundi, sasa litakaa barabarani?"

Nililala chini ya gari. Nilishika kila nati kwa spana, nikatikisa kila gurudumu, nikatafuta mkono uliopinda. Nilitafuta kwa bidii, na Mungu anajua nilitamani kuupata. Haukuwepo.

"Litakaa," nikasema.

Akavaa helmeti akarudi. Alianza polepole, mizunguko miwili, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika. Mzunguko wa tano aliingia kona ile kwa kasi zaidi kuliko mara ya kwanza, na mkia ukafuata palepale pua ya gari ilipopita. Madereva wenzake walipiga makofi. Mimi niliketi kwenye nyasi nikasubiri amalize.