Mwarobaini wa Mbele ya Duka la Bi Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, sikupewa jembe. Nilikuwa nimetoka Mlali kuja kuajiriwa kitengo cha bustani cha mji. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Bwana Miti, aliniambia kuwa Dodoma kila mtu anaweza kuchimba shimo; mti hufa watu wakishaondoka. Basi nilianzia kitaluni, nikimwagilia miche na kuizoesha jua, yaani kuitoa kivulini kidogo kidogo kabla haijapelekwa mtaani.

Baadaye nilihamishiwa barabara ya maduka, nikafanya kazi na Hamisi, mzaliwa wa mjini. Ardhi ya kule ina tabaka gumu ambalo mizizi haipenyi mpaka livunjwe kwa sururu. Tulilivunja, tukajaza samadi, tukapanda miarobaini. Mmoja Hamisi aliupanda mbele ya duka la kanga la mama yake, Bi Zaituni.

Mvua zilizofuata hazikumkuta. Aliugua homa ghafla, akafariki.

Tangu hapo mama yake aliumwagilia mti ule mwenyewe kwa maji ya kusuuzia nguo. Ukakua, wauza ndizi na mafundi cherehani wakahamia chini yake. Kila nikipita nilimwamkia shikamoo, naye aliniuliza kama matawi yapunguzwe. Hamisi hatukumtaja.

Nilikuwa nimeshapanda cheo kuwa mnyapara wakati wizara zilipohamia Mtumba, kando ya mji, na mji ukafurika watu. Ikaamuliwa barabara ile ijengewe njia ya waenda kwa miguu. Ilihitajika kweli, maana watu walipita katikati ya magari. Lakini mwarobaini ulisimama palepale pa kupita ukingo wa zege. Nilimweleza mhandisi wa mradi habari za mti ule. Alikuwa binti msikivu. Akaupindisha ukingo, akaacha uwazi kuzunguka shina. Nilishukuru sana.

Mtaro wa maji ya mvua, hata hivyo, haukuwa na pengine pa kupita. Mafundi walipouchimba, mizizi mikuu ya upande mmoja ikakatika. Kiangazi kilipofika majani yalianza kukauka kuanzia kileleni. Tulipunguza matawi, tukaleta boza la maji, Bi Zaituni naye akazidisha ya kwake. Mti haukupona. Mhandisi akasema kwa upole kwamba mti mkavu utaangukia watu.

Nilikwenda kumwambia Bi Zaituni mimi mwenyewe. "Mama, kesho tunaukata."

Alikuwa anakunja kanga. Aliikunja mpaka mwisho, akaiweka juu ya nyingine.

"Hamisi tulimzika siku ileile, sikupata nafasi ya kumtazama vizuri," alisema. "Huu nimeutazama siku zote ukifa. Kateni, mwanangu."

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Sasa wazee wanapita pale bila kukanyaga tope, na kazi ile siijutii. Ila nyinyi mnaoshika sasa kazi ya miti mjue kwamba mti wa mtaani huwa na mwenyewe, hata kama haumo katika ramani ya mtu.

Wenzangu wamepanda mche mwingine palepale. Ulipochipua nilikwenda kumpa Bi Zaituni habari. Alifurahi, kisha akaniomba nimtafute mtu wa kuumwagilia. Yeye, alisema, hawezi kuanza tena.