Kiendelezi cha Mizinga ya Baba

Wiki ile sikuelewa kitu, na anayesema hivyo ni mtu ambaye cheti chake cha kompyuta kimetundikwa sebuleni kwetu Isevya, juu ya televisheni. Baba mdogo alikuja kutoka Sikonge Alhamisi asubuhi kuchukua orodha ya mizinga ya baba. Jumamosi angeingia porini kurina asali, kwa mara ya kwanza bila baba, maana baba alikuwa ameanza kusahau. Msimu uliotangulia walizunguka wote wawili siku tatu, wakarudi na madumu mengi matupu. Mizinga ilikuwa huko huko juu ya miti, imejaa, na mtu pekee aliyejua njia yake alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama nimeshaolewa.

Orodha nilikuwa nayo. Miezi minane nyuma, akili yake ikiwa bado inamkubali, baba alikaa na mimi mchana kutwa akanitajia mzinga mmoja baada ya mwingine. Mtu mwenye busara angeandika kwenye daftari. Mimi, kwa kutaka sifa, nikaunda kanzidata, kila mzinga na mstari wake. Baadaye laptopu ile ikafa, faili likabaki kwenye flashi. Sasa nilikuwa na laptopu nyingine ya mtumba, na programu ninayotumia kuandikia programu zangu ikagoma kulifungua faili. Ilisema kiunganishi cha kanzidata ya aina ile hakimo kwenye mashine.

"Kama hakimo, si kiwekwe," alisema baba mdogo. Alikuwa amekaa pembeni yangu na kikombe cha chai, kofia ameiweka gotini.

Nikakipakua. Wenyewe wanakiita kiendelezi, kidude cha kuongezwa kwenye programu ili ijue kuzungumza na kanzidata fulani. Kikaingia bila ubishi, hadi kikanipongeza. Nikazima, nikawasha, nikafungua faili. Hakimo. Nikaenda kwenye orodha ya viendelezi, nakiona kile pale, kimewekewa tiki. Nikarudi kwenye faili. Hakimo. Nikaanza kuona kama nachezewa akili, nikaifunga laptopu kwa hasira ambazo kitu cha mtumba hakizistahili.

Nikampigia mwenzangu niliyesoma naye chuo, siku hizi yuko Dar.

"Umeweka cha upande mmoja," akaniambia. "Hicho ni cha karakana, ili wewe fundi uione data. Programu yako yenyewe inataka cha kwake. Halafu viwe vya toleo moja."

Nikamwambia nimeelewa. Wapi. Nikaweka cha pili, kikagombana na cha kwanza. Nikatoa cha kwanza, cha pili kikadai hakiwezi kukaa bila mwenzake. Nikasoma maelezo ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa ulinituma kwenye ukurasa mwingine, mpaka bando likakata nikiwa sijui hata nilianzia wapi.

"Kwani daftari lilikuwa na shida gani, mwanangu?"

"Baba mdogo, naomba unyamaze kidogo."

Nilimjibu hivyo mtu mzima, na aibu ninayo hadi leo. Yeye alicheka tu, akaenda kukaa uani na kaka yake.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, faili likafunguka. Nisidanganye, sijui nilifanya nini. Nilitoa kila kitu, nikaweka upya viunganishi vyote viwili vya toleo la zamani, na jedwali likatokea, mizinga yote, hakuna hata mmoja uliopotea. Nikakimbilia stesheneri ya jirani nikachapisha, nikarudi na kurasa tatu zikiwa bado na joto.

Baba mdogo aliusoma ukurasa wa kwanza, akarudia. "Mkurungu wenye pacha. Mkurungu wa kichuguu. Mkurungu uliochomwa na radi." Akaniangalia. "Hii mikurungu yote inafuatana?"

"Haifuatani. Nimeipanga kwa herufi za majina ya miti. Chini yake inakuja mininga, halafu mitundu."

"Sasa nikitoka huu wa kichuguu, naelekea wapi?"

Nikazichukua zile karatasi, nikazipekua kana kwamba kuna ukurasa wa nne. Baba alikuwa hahesabu mizinga, alikuwa anaitembea. Hata siku ile, amekaa kwenye kiti, alinipeleka kwa miguu: ukitoka hapa, ukivuka korongo, ukiona jua limehamia bega la kushoto, hapo ndipo kuna mninga. Mimi nilichukua mninga. Korongo na jua niliona ni maneno ya mazungumzo tu, na jedwali langu halikuwa na safu ya kuyaweka. Na mikurungu yenye vichuguu, kwenye pori lile, nani ataimaliza?

Tukamfuata baba uani. Nilimsomea kurasa zote tatu, polepole, nikingoja mti mmoja tu umguse. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama anavyosikiliza matangazo kanisani.

"Huyu mtu ana mizinga mingi, mama," akasema. "Anajitahidi."

"Ndiyo, baba. Tunatafuta njia yake."

"Si mkamuulize mwenyewe?" Alitushangaa kidogo, mimi na mdogo wake. "Mrina asali hakosi kuijua njia yake. Mwambieni awaanzie mzinga wa kwanza, mingine itafuata yenyewe."

Nilikuwa nimeshamuuliza. Alinieleza njia yote, mchana kutwa, na mimi nilikuwa nachapa majina ya miti.