Kilo za Mudogo Wangu

Nimeuzisha maharagi ya Musienene miaka mingi mpaka mikono yangu ikajua kilo. Unipe mufuko, naunyanyua mara moja, nakuambia: hapa panakosa kilo mbili, usinidanganye. Na mwili wangu mwenyewe unajaza kiti. Bajukuu wangu banajivunia: "Koko wetu ni munene!" Kwetu Vulamba munene ni mutu mwenye kushiba, hata kama moyo wake unalia.

Siku ile nilifika Beni kuona mudogo wangu, tumbo moja na mimi. Alikuwa kitandani. Nikamukamata chini ya makwapa nimukalishe, na mikono ikashituka. Alikuwa mwepesi sawa mufuko wa maganda ya mahindi. 

"Yaya, dada mukubwa, usinipime," akasema. "Mimi si maharagi."

Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu zamani, na alikuwa anajidunga sindano kila siku. Mais, lakini sasa, alikuwa ameacha. Kaka yetu alimuambia sukari ni ugonjwa wa banene. Mwenye kukonda hivi amekula karuho, ile sumu ya polepole yenye batu ya kwetu banaogopa kupita masasi ya bunduki. Kesho asubuhi angemupeleka kwa mutu mumoja upande wa Mabalako, mwenye kutapisha sumu.

Na mimi? Sitasema uongo. Niliamini nusu. Donc, basi, nikafanya vile tunafanya kwa mwenye kukonda: uji na sukari nyingi, ndizi za kuiva, chupa mbili za sucré, soda tamu. Akakunywa sawa mwenye moto kooni, akaenda kukojoa, akarudi, akaomba tena. Nami nilikuwa nakaa, nasimama, naenda kuangalia njia, narudi. Nilijiambia: atanenepa.

Asubuhi pumzi yake ilinuka ndizi zilizooza. Alikuwa anahema sawa mwenye kupanda mulima, na ulimi ulikuwa muzito. Nikakimbia kwa muganga wa santre ya afya, mwanamuke kijana anayekaa nyuma ya nyumba. Nilikimbia, ndiyo, na huu mwili.

Akatoboa kidole cha mudogo wangu, akaangalia kamashini kake, akaangalia chupa tupu.

"Nani amemupa hii?"

"Mimi."

"Mama, unataka kumuzika?"

Nikasukuma chupa chini ya kitanda na muguu. Mimi, mwenye kutisha hata mapolisi!

Akamudunga dawa, akasema tumupeleke hospitali sasa hivi. "Mwili umekosa dawa, donc unajikula wenyewe. Unene wa kupita kiasi unaua mwenye sukari, ni kweli, na wewe nitakupima hata ukinikazia macho. Mais huyu amekonda haraka hivi! Kifo iko karibu naye kupita wewe."

Kaka akafika na dereva wa pikipiki wa kwenda Mabalako. "Panda," akamuambia mugonjwa.

"Anaenda hospitali," nikasema.

"Wewe umesoma wapi?"

"Sikusoma. Mais jana nimemulisha mimi, na leo anakufa. Toka mu njia."

Nikamunyanyua mudogo wangu peke yangu, nikamuweka nyuma ya dereva, nami nikapanda nyuma yake nimubane asianguke. Pikipiki ikalia. Mudogo wangu akafungua jicho moja: "Yaya, utavunja mashini ya batu."

"Nyamaza, weka nguvu."

Kaka alikuwa anapiga kelele bado, dereva akanigeukia: ni njia gani? Nikamuonyesha ya hospitali na kidole.

Alipona. Mwili unarudi kidogo kidogo, na sindano amezirudilia kila siku. Mimi nilipimwa, na kilo zangu sitaziandika hapa. Fufu, ugali wetu, nimepunguza, bajukuu banacheka.

Kila asubuhi namupigia simu. "Umejidunga? Umekula?" Ananijibu, "Yaya, niachie nipumue." Leo nimepiga mara tatu, hapana jibu. Labda yuko shambani. Labda simu imekosa umeme. Nimekwisha kuvaa viatu vya kwenda Beni.