Gunnel na Wifi Yake Chini ya Mwamba

Muuguzi wa zamu alimweleza Gunnel Lindmark mara tatu, na mara ya tatu alimshika bega kabisa. Upasuaji ungeanza saa tatu asubuhi. Kabla ya saa saba mchana hakungekuwa na la kusema, kwa hiyo asishinde pale kwenye korido akipishana na wauguzi. "Nenda nyumbani, mama. Kunywa kahawa, halafu utupigie simu."

Nyumbani! Yule muuguzi hakumjua. Gunnel, mwenye miaka hamsini na miwili, alikuwa kiguu na njia tangu alipoanza kutambaa. Kule kwao Småland mama yake alimfunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ili apate nafasi ya kukamua ng'ombe. Alipokuja Stockholm kushona makoti kiwandani, msimamizi alisema hajapata kuona msichana anayeshona nusu amesimama. Sinema hakuwahi kuimaliza hata moja. Mtu pekee aliyeweza kumtuliza ni mumewe Evert. Evert alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa kunyamaza. Akikaa, nawe ulitamani kukaa. Sasa alikuwa amelazwa juu ya meza, madaktari wanamtoa kipande cha pafu lililochoshwa na vumbi la mawe na tumbaku.

Evert alikuwa mpasua miamba. Ujana wake aliuacha migodini kaskazini, na utu uzima wake ukaishia chini ya Stockholm, akitoboa na kulipua baruti mpaka njia mpya ya treni, ile ya buluu, ikapita. Mwaka jana ilifunguliwa mpaka mwisho, na watu wakawa wanateremka huko si kwa safari bali kutazama tu, maana wachoraji walipewa mapango yote wayapambe. Mji mzima ulikwishakwenda. Gunnel, la. Alipanda basi. "Mwamba ule nimeufua vya kutosha kwenye mashati," alisema kila alipoulizwa.

Lakini asubuhi ile ya Aprili 1978 hakuwa peke yake. Tyra, dada yake Evert, alikuwa ameshuka na treni ya usiku kutoka kaskazini, na skafu yake, na mkoba uliojaa jibini. Mawifi hawa hawakupendana. Siku ya harusi Tyra alimtazama bibi harusi akizunguka meza na kusema kwa sauti, "Huyu ataunguza maziwa mpaka ng'ombe waombe radhi." Miaka ishirini na sita, na Gunnel alikuwa bado hajalisahau neno lile.

"Kwa hiyo?" Tyra aliuliza nje ya hospitali. "Tutalizunguka jengo hili mpaka saa saba?"

"Zunguka wewe. Mimi sijui niende wapi."

"Mimi najua. Kaka yangu aliniahidi kunionyesha shimo lake. Twende tukalione."

Gunnel alitaka kukataa, lakini miguu yake ilikwisha kuanza kutembea.

Waliingilia Kungsträdgården, mwanzo wa njia. Ngazi za umeme ziliwashusha, zikawashusha, mpaka Gunnel akahisi masikio yanaziba. Alizishuka mbiombio huku akiomba radhi kwa waliosimama. Tyra alisimama pale pale aliposimama na kuletwa taratibu kama mzigo wa thamani. Kule chini alikwenda moja kwa moja kwenye mwamba ulioachwa wazi, akaupapasa kwa kiganja.

"Kazi safi," alisema.

"Treni hiyo, wifi!"

"Itakuja nyingine."

"Na hii je, imefanya kosa gani?"

Kituo cha pili kilikuwa T-Centralen. Dari lilipakwa majani makubwa ya buluu, na ukutani vilisimama vivuli vya wajenzi wenyewe: seremala, mchomeleaji, mtoboa mwamba. Tyra alimchagua mmoja mwenye mashine na kutangaza kwamba yule ni Evert, shingo ni ile ile. Gunnel hakuangalia. Alikwisha kupanda juu kutafuta simu. Alirudi akihema.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nimeambiwa saa saba."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Nne u nusu."

Tyra alivuta pumzi fupi kwa midomo, ndivyo watu wa kwao wanavyosema ndiyo. Sauti ile ilimkereketa Gunnel kuliko tusi.

Ikawa hivyo kituo baada ya kituo. Rådhuset, pango jekundu kama nyama mbichi, Gunnel akapanda kutafuta simu, akakuta kibanda kina mtu. Västra skogen, simu ikaita bila kupokewa. Kila mara Tyra alikuwa akimngoja kwenye benchi, shingo kaikunja nyuma, akitazama kila alama ya nondo ya kutobolea kama anayesoma barua kutoka nyumbani.

Kikafuata Solna centrum. Pale dari lote ni jekundu, jekundu la jua linalozama, na chini yake kumechorwa msitu wa misonobari usio na mwisho. Gunnel aliangaza macho akitafuta simu. Alipogeuka, Tyra alikuwa amefungua chupa ya kahawa na anatumbukiza vipande vya jibini kikombeni, kama ilivyo desturi ya kwao kaskazini.

"Kaka yako amepasuliwa kifua," Gunnel alisema, "nawe unakula?"

"Kaa, nawe ule."

"Una moyo wa jiwe wewe!"

Tyra aliweka kikombe chini. "Mwaka wa hamsini na moja nilikaa siku tatu mdomoni mwa mgodi, mume wangu kafukiwa ndani. Siku ya kwanza nilikimbia huku na huku kama wewe. Siku ya pili nikaanguka, ikabidi watu wawili waache kuchimba wanibebe. Watu wawili, Gunnel. Tangu hapo nikingoja, nakula."

Gunnel aligeuka. Aliruka ndani ya treni iliyokuwa imesimama, na milango ikafungwa nyuma yake.

Hasira zilimwisha kabla ya kituo kilichofuata. Wifi yake hakuwa na ramani, hakuujua mji, na alikuwa na miaka sitini na minne. Alishuka Näckrosen, akangoja treni mbili, hakumwona Tyra akishuka. Akarudi Solna centrum: benchi tupu. Akamwuliza mfagiaji, akamwuliza padri, akapanda tena, akateremka tena, machozi yakimtoka bila yeye kuyaruhusu. Nitamwambia nini Evert? Kwamba nimempoteza dada yake ndani ya shimo lake?

Alimkuta Hallonbergen, ambako kuta zimejaa michoro ya watoto. Tyra alikuwa juu, ameegemea kibanda cha mkagua tiketi, na mkagua tiketi mwenyewe alikuwa anatafuna jibini.

"Ulikuwa wapi wewe?" Gunnel alipiga kelele.

"Nilipanda treni iliyofuata nikapitiliza. Huyu kijana mwema ana simu mezani." Tyra alimshika mikono yote miwili, akaibana mpaka ikauma. "Wamemaliza mapema. Ametoka. Anapumua mwenyewe."

Gunnel alikaa chini. Si kwenye benchi, sakafuni, katikati ya njia ya watu, na koti lake zuri. Alikaa hapo robo saa nzima, na Tyra akamnywesha kahawa yenye jibini, ambayo Gunnel alisema ina ladha ya soksi, akaimaliza.

Evert aliishi miaka tisa zaidi, ingawa mwambani hakurudi tena. Jioni ile walipopewa dakika tano naye, Gunnel alimwambia walikofika. Alifumbua jicho moja.

"Hallonbergen?" alinong'ona. "Na Akalla je, mwisho wa njia? Mmeacha vituo vitatu."

"Tutakwenda kesho," Tyra alisema.

"Saa mbili kamili," alisema Gunnel, "na usinicheleweshe."