Klempu Iliyobaki Kwenye Sinia

Mama Spana ana desturi moja asiyoivunja: vipande vyote vitakavyoingia kwenye gari huvipanga kwanza juu ya sinia la bati, na gari haliondoki gereji mpaka sinia liwe tupu. Desturi hiyo hakufundishwa chuoni. Aliipata katika karakana ya mabasi, ambako kwa miaka tisa, yeye mwenye cheti safi kuliko wengi waliomzunguka, aliachiwa kumwaga oili na kuosha filta tu, kwa hoja kwamba mwanamke akifungua injini atasahau kitu ndani. Basi akala kiapo cha kutosahau kitu. Alipofungua gereji yake mwenyewe, sinia lilitangulia kuingia, kabla hata ya jeki.

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, aliinua kitambaa kilicholifunika sinia, akaona klempu moja imelala pale: ile pete ndogo ya chuma ya kukaza mpira usichomoke.

Kazi ya asubuhi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya mkwewe. Mume huyo wa binti yake wa pekee ana pikapu ya dizeli yenye turbo, na kwa mwezi mzima alikuwa amemganda kama ruba amfungie vali ya kupumulia, kile kidude kinachoachia hewa ya turbo kwa mlio wa "pshaa" kila dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta.

"Hili ni dizeli, baba," alikuwa amemwambia. "Halitaongeza mbio wala halitapunguza mafuta. Utapata kelele tu."

"Mama, kelele ndiyo ninayoitaka."

Angemkatalia mteja mwingine yeyote. Lakini huyu alikuwa mkwe; alimwonea haya, akakubali. Gari la petroli huifungua vali hiyo kwa mvuto wa injini yenyewe. Dizeli haina mvuto wa namna hiyo, kwa hiyo swichi hufungwa kwenye pedeli ya mafuta, na mvuto huazimwa kwingineko. Kwingineko ni kwenye mpira unaokwenda kwenye breki, ule unaoufanya mguu wa dereva ukanyage kwa wepesi. Mama Spana aliukata mpira huo, akatia kiungo cha njia tatu, na njia ya tatu akaielekeza kwenye vali. Kwa maneno mengine, aliazima pumzi ya breki ili kumnunulia mwanamume mzima sauti.

Angeifanya kazi hiyo kwa utulivu kama si watazamaji. Fundi rangi wa banda la jirani, aliyeitwa Msasa kwa sababu ya ulimi wake, alikuja na wenzake wawili, wakawa wanaokota vipande kwenye sinia na kuvipitisha mkono kwa mkono.

"Mama Spana, hii si ya jiko la gesi kweli? Usije ukamchemshia mkweo chai humo!"

Ndipo alipolifunika sinia, na ndipo alipoanza kuharakisha. Aliupaka mpira oili ili uingie upesi, ukaingia. Mkwe akakanyaga mafuta, akaachia, pshaa! Watazamaji wakapiga makofi. Na yeye, aliyekuwa amengoja makofi hayo miaka mingi kuliko alivyopenda kukiri, alisimama akitabasamu huku pikapu ikitoka. Kitambaa hakukiinua.

Mpira wenye oili, bila klempu, juu ya injini inayotetemeka. Ukichomoka, dereva atakanyaga breki mara moja au mbili, kisha pedeli itakuwa ngumu kama jiwe.

Alimpigia mkwe. Simu iliita mpaka ikakata. Akampigia binti yake.

"Ameshapakia mifuko ya saruji, Mama. Anaipeleka kwenye ile shule ya bondeni. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mpigie na wewe. Akipokea, mwambie asimame hapo hapo alipo."

"Mama, kuna nini?"

Alikata simu, akatia klempu na bisibisi mfukoni. Barabara ya bondeni ni mteremko mmoja mrefu unaoishia kwenye lango la shule, na saa nane na nusu watoto hutoka.

Mwenye pikipiki karibu alikuwa mmoja tu.

"Msasa, niwahishe mteremkoni. Sasa hivi."

"Vipi, mkweo kakimbia na spana zako?"

"Nimesahau klempu. Ni ya breki."

Msasa alifungua kinywa kutoa mzaha, akamtazama usoni, akakifunga. Akapiga kiki.

Njia nzima Mama Spana alikodolea macho lami, akitafuta alama za matairi, vioo, chochote. Kitu kingine pia kilimtafuna, naye alijichukia kwa kukifikiria wakati huo. Msasa aliwahi kupaka gari rangi pamoja na taa zake, watu wakacheka siku mbili, yakaisha. Kosa la Msasa lilikuwa la Msasa. Lake lingekuwa la wanawake wote, na lingesimuliwa mpaka wajukuu zake wakue.

Juu kabisa ya mteremko, mbele ya kibanda cha kuziba pancha, waliona kundi la watu wamezunguka pikapu. Kisha akasikia kicheko.

Mkwe alikuwa kwenye usukani, akikanyaga mafuta na kuachia, bila mlio wowote.

"Imekata pumzi hiyo," mziba pancha alisema.

"Ilikuwa inalia sasa hivi, haki ya Mungu! Mmeisikia nusu saa nzima!"

Nusu saa alikuwa ameegesha pale akijionyesha. Majivuno yake ndiyo yaliyomzuia kushuka.

"Mama? Umefikaje huku?"

"Usiniulize. Acha injini iendelee kuunguruma. Kanyaga breki."

Akakanyaga.

"Tena. Tena."

Mara ya tatu mguu haukuzama. Mkwe aliutazama mguu wake, kisha akautazama mteremko, na mwishoni mwake mashati meupe yaliyokuwa yakianza kumiminika langoni.

Mama Spana alifungua boneti. Mpira wa breki ulikuwa umechomoka, unaning'inia.

"Kosa ni langu," alisema kwa sauti ya kufika kwa wote. "Klempu ilibaki kwenye sinia."

Msasa aliangalia viatu vyake.

"Basi ifunge tu, Mama," mkwe alisema polepole.

"Nitaifunga. Lakini vali haitagusa breki zako tena." Aliutoa mpira wa vali, ile njia ya tatu akaizibia kwa kipande cha mpira chenye boliti ndani, akakikaza kwa klempu ya mpira huo, kisha akaufuta oili mpira wa breki, akaurudisha na kuukaza kwa ile klempu iliyosahauliwa.

"Na mlio?"

"Utautoa kwa mdomo wako."

Alimkanyagisha breki mara ishirini, akapanda kiti cha pembeni, wakashuka taratibu. Pikapu ilisimama mbele ya lango, sawasawa, watoto wakapita.

"Tumefika, Mama," mkwe alisema. "Ondoa mguu."

Mama Spana akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeikandamiza sakafu kwa nguvu zote, na haukutaka kutoka mpaka alipolishika goti kwa mikono miwili.