Tairi Lililokunywa Maji

Enzi zetu, sisi tuliokulia milimani Njombe, tairi la trekta lilikunywa maji, na sisi watoto ndio tuliolinywesha. Nikiwasimulia wanangu hapa London hucheka, wakidhani natunga. Situngi. Baba yangu alikuwa dreva wa trekta ya kijiji. Kila mvua zilipokaribia alitukatiza mchezo wa rede, tukapanga foleni na ndoo kutoka mtoni, naye akayapitisha maji kwa mpira kwenye tundu la upepo mpaka matairi ya nyuma yakajaa robo tatu. Tulitega masikio tusikie yakigugumia.

"Trekta nyepesi inacheza tu kwenye matope," alikuwa akisema. "Ipe uzito, itashika."

Matope yenyewe hamkuyajua nyie mliokulia kwenye lami. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni kama umepakwa mafuta. Tulikata madumu ya plastiki, tukayakalia na kuteleza kutoka kanisani hadi bondeni, kisha tukarudi nyumbani na sare nyekundu kama matofali. Mama alitupokea kwa fimbo kwanza, halafu viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Leo mtoto akichafuka kiatu, anataka kingine.

Shuleni baada ya mchakamchaka tulikaguliwa kucha, fagio na ndoo. Mwalimu wetu wa darasa la tano, Mwalimu Mgaya, alijua hesabu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini mdomo wake ulikuwa mkali. Asiyejua jedwali la saba aliambiwa, "Endelea kuzembea, utaishia kuendesha trekta kama baba yake Rehema." Darasa zima liliniangalia. Niliinamia daftari, na sikumweleza baba hata siku moja.

Kisha ikaja asubuhi ile ya mwezi wa tatu. Mke wa Mwalimu Mgaya alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alisema ni hospitali, tena haraka. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Gari la misheni lilikwama bondeni, na kati yetu na barabara kuu kulikuwa na mlima. Mwalimu alikuja kwetu anakimbia, miguu mitupu, suruali imekunjwa hadi magotini. Alisimama mlangoni, akaonyesha kwa mkono upande wa nyumbani kwake.

Baba hakumngoja aombe. "Mlazeni mama kwenye tela, wekeni magodoro mawili," alisema. "Rehema, lete minyororo ya magogo."

Nilimwona akifanya kila kitu bila papara. Alibonyeza pini ya upepo kwa msumari, tairi likapumua taratibu mpaka likabonyea chini. "Likibonyea linakanyaga pana," aliniambia. Akaizungusha minyororo kwenye matairi, akaikaza kwa nondo. Magunia ya mawe akayafunga nyuma ya kiti chake. Trekta ilipoanza kupanda, kijiji kizima kilisimama kwenye mvua kikitazama. Katikati ya mlima matairi yalizunguka mara moja, mbili, na mwalimu akashika kichwa. Baba alipunguza mafuta badala ya kuongeza. Minyororo ikauma udongo. Wakapita.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Jumatatu Mwalimu Mgaya aliingia darasani, akafuta ubao uliokuwa msafi tayari, akasema, "Baba yake Rehema ni fundi." Nilikaa wima mpaka kengele ya kutoka.

Sasa nahudumia wazee kwenye nyumba moja hapa London, upande wa Thornton Heath. Majira ya baridi yaliyopita tuliamka theluji imefunika kila kitu, na chini yake barafu tupu. Ambulansi ilisimama chini ya kilima chetu, haiwezi kupanda. Juu alikuwepo bibi mmoja aliyepaswa kwenda kusafishwa damu, na tayari siku mbili zilikuwa zimepita tangu asafishwe mara ya mwisho. Mtunza bustani wetu, Bwana Ramesh, mzaliwa wa Nakuru anayeishi Kenton, alikuwa akihangaika na katrekta kake ka kusukuma theluji. Kalikuwa kanarudi kinyumenyume.

"Mama Imani, hii kitu imekataa kabisa!" alinipigia kelele.

"Haijakataa, ni nyepesi," nikamjibu. "Minyororo iko wapi?"

Ilikuwa stoo, haijawahi kufunguliwa. Nikashuka na sare yangu ya kazi. Tulipunguza upepo kidogo, tukafunga minyororo, tukapakia nyuma mifuko yote ya mchanga iliyokuwepo. Ramesh aliuliza kama tujaze na maji. Nikamwambia hapa yangeganda yote. Alipotaka kukanyaga mafuta nikamwambia, "Polepole, bwana. Iache iume." Ikauma. Njia ikafunguka, tukamwaga mchanga, na bibi akashushwa akiwa amefunikwa blanketi, akitupungia mkono kama malkia.

Lakini mlima wa baba ulitazamwa na kijiji kizima. Wangu haukutazamwa na mtu. Vijana wa zamu walikuwa dirishani, wanapiga picha theluji. Nyumbani nilimweleza binti yangu Imani, akanijibu kwa Kiingereza kwamba hayo yote yapo kwenye simu. Huenda yapo. Enzi zetu yalikuwa kwenye mikono ya mtu unayemjua, na ilibidi usimame kwenye mvua kuyapata.

Jioni nikampigia baba. Ana miaka themanini na kitu, ila masikio yake bado yako vizuri. Alitaka kujua kila kitu: ukubwa wa tairi, unene wa mnyororo, barafu inafananaje chini ya mguu. Nilisimulia kwa kujidai kabisa.

"Vizuri," akasema. "Na baada ya kutembea hatua chache, minyororo ikishalegea, mlisimama mkaikaza tena?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Rehema."

"Tulisahau, baba."

"Basi kesho wahi kazini," akasema, "ukaikaze."